Redio ndogo ya masafa mafupi jijini Nairobi: ya kununua, na pa kuisikilizia

Stima ikipotea mtaani saa mbili usiku, washa redio ya masafa mafupi kabla hujatafuta mshumaa. Anzia kilohezi 9400, panda polepole hadi 9900. Pale palipokuwa na mvumo mmoja mzito tangu jioni, sasa kuna sauti za watu: taarifa ya habari hapa, muziki pale, lugha usiyoifahamu kilohezi 10 mbele. Redio ni ile ile, antena ni ile ile. Kilichozimika ni chaja, balbu za LED, televisheni na ruta za ploti nzima.

Ndiyo maana mtu akiuliza anunue redio gani, namuuliza kwanza anaishi wapi. Redio ya bei nafuu ya siku hizi ina masikio ya kutosha kuzinasa Ulaya na Asia kutoka Nairobi. Jiji ndilo linaloiziba masikio. Ukilielewa hilo hutalipia vitu visivyokusaidia, na pesa zitabaki za waya na betri nzuri.

Yaliyoandikwa kwenye boksi

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue utaona redio za bendi 8, bendi 10, bendi 12. Namba hiyo haipimi nguvu ya chochote. Matangazo ya masafa mafupi yamegawanywa vipande vinavyoitwa kwa urefu wa wimbi. Mita 49 ni kilohezi 5900 hadi 6200, mita 41 ni 7200 hadi 7450, mita 31 ni 9400 hadi 9900, mita 25 ni 11600 hadi 12100, mita 19 ni 15100 hadi 15800, na mita 16 ni 17480 hadi 17900. Mtengenezaji akikifanya kila kipande kiwe bendi yake anapata SW1 hadi SW8 (SW ni masafa mafupi), akijumlisha FM na MW, yaani masafa ya kati, tayari ana bendi 10. Redio nyingine yenye SW moja tu, inayokwenda mfululizo kutoka 2300 hadi 21950, inasikia mengi kuliko hiyo. Ukitaka kubadili mita kuwa kilohezi, gawanya 300,000 kwa mita: kwa mita 31 unapata kama 9677, katikati ya kipande chenyewe.

Redio zenye tochi, paneli ya sola, bluututhi na tundu la kadi ya kumbukumbu ni nzuri kwa FM jikoni. Kwa masafa mafupi ziache. Saketi ya bluututhi na ya kusoma kadi hupiga kelele ndani ya kasha lile lile, sentimita chache kutoka kwenye antena, na mara nyingi SW imewekwa ili bendi zifike idadi ya kuandika kwenye boksi.

Zile za sindano ya kuonyesha masafa, kama Tecsun R-9012 inayotumia betri mbili za AA, zinafanya kazi kweli, na ni za bei ya chini kuliko zote nitakazozitaja. Lakini zijue tabia. Kilohezi 500 zote za mita 31 zimebanwa kwenye sentimita chache za kioo, kwa hiyo upana wa ukucha una stesheni kadhaa. Redio ikipata joto, sindano haihami lakini stesheni inahama. Halafu kuna mizimu: stesheni kali ya 11800 unaisikia tena kwenye 10890, mahali ambapo haipo. Hii hutokea kwa sababu redio ya aina hii huzalisha wimbi lake la ndani kilohezi 455 juu ya pale ulipoelekeza sindano, na haiwezi kutofautisha vizuri kilicho 455 chini ya wimbi hilo na kilicho 455 juu yake. Mara mbili ya 455 ni 910. Ukisikia stesheni mahali pa ajabu, ongeza 910 uone kama ndiko kwao.

Ukiweza, nunua yenye kioo cha namba. Nitataja tatu tu. Tecsun PL-310ET haina SSB (njia ya kusikiliza upande mmoja tu wa wimbi), lakini ina tundu la antena ya nje, inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, na inakula betri tatu za AA. Tecsun PL-330 ina SSB, na betri yake ni BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za kubofya. XHDATA D-808 ni kubwa kidogo, spika yake ni nene zaidi, ina SSB na bendi ya ndege, na inatumia betri ya 18650. Zote tatu zimejengwa juu ya chip za familia moja iliyobuniwa na kampuni ya Silicon Labs, kwa hiyo usitarajie moja isikie dunia ambayo nyingine haisikii. Tofauti iko kwenye vitufe, spika, vichujio na betri.

Mimi humchagulia mtu kwa betri. BL-5C inapatikana karibu kila duka la kutengeneza simu jijini, na AA ziko kioski cha jirani. Betri ya 18650 inahitaji uangalifu, kwa kuwa soko limejaa za uongo. Iliyoandikwa 9900 mAh ni ya uongo bila kuijaribu. Nzuri sana huwa 3500 hivi na ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, ya uongo ni nyepesi mkononi. BL-5C nayo halisi ni kama 1000 mAh. Ikiandikwa 2500, irudishe kwenye kioo cha muuzaji.

Bei za ng'ambo, kabla ya usafiri: ya sindano chini ya dola 30, PL-310ET kama dola 50, PL-330 na D-808 kati ya dola 70 na 100. Ukiagiza mwenyewe, piga hesabu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujashangilia bei. Ikifika, angalia kwanza hatua za MW. Afrika tunatumia kilohezi 9 kati ya stesheni na stesheni, Marekani 10. Redio iliyopangwa kwa 10 itaruka stesheni zetu za MW au kuzisikia kwa mkwaruzo, na watu hudhani imeharibika. Kuna mpangilio wa 9/10 kwenye menyu au kitufe cha kushikilia redio ikiwa imezimwa.

Kuijaribu dukani

Nenda na betri zako, visikizi vyako na waya wa mita 3. Ndani ya duka la vifaa vya umeme, chini ya balbu ishirini za LED na nyuma ya mlango wa mabati, hakuna redio itakayosikia SW. Muuzaji ataipeleka FM, itapiga vizuri, na utalipa. Omba utoke nayo mlangoni.

Ielekeze mahali patupu kwenye mita 31, antena ikiwa imekunjwa, sauti kiasi. Sasa vuta antena kipande kwa kipande. Mchemko wa “shhh” lazima uongezeke. Ishike antena kwa vidole viwili: uongezeke tena au ubadilike. Usipobadilika kabisa, ama antena imeachia shinani, ama transista ya kwanza imekufa, jambo la kawaida kwa redio iliyokwisha kufungwa waya mrefu wakati wa radi. Hiyo iache, hata ukipunguziwa nusu bei.

Kisha zungusha kitufe cha sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza, vumbi limeingia. Fundi anakisafisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, lakini bei ishuke. Pandisha na ushushe kilohezi mara kumi: namba isiruke. Pinda antena kila upande uone kama inajishikilia. Fungua mlango wa betri utazame chemchemi. Zikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, betri iliwahi kuvuja. Redio ikikataa kuwaka kabisa, kabla ya kuilaumu tazama swichi ya kufunga vitufe. Wengi hurudisha redio nzima kwa ajili ya swichi hiyo.

Kelele, mahali ambapo kazi iko

Chomoa chaja kwanza. Redio inayochajiwa huku inasikiliza inasikia chaja yake. Sikiliza kwa betri tu, kila mara.

Halafu tafuta mwizi. Weka redio kwenye MW mahali patupu, tembea nayo nyumba nzima ukiikaribisha kwenye kila kitu kilichochomekwa. MW inafaa kwa msako huu kwa sababu antena yake ni kijiti cha feraiti (aina ya kauri ya sumaku) kilicho ndani, kinachosikia zaidi ubavuni kuliko nchani: ukiigeuza redio polepole, kuna pembe ambayo kelele inazama, na hapo ncha za kijiti zinaelekea kwenye chanzo. Kwa kawaida utaikuta kwenye chaja ya simu ya bei ya chini, balbu ya LED, televisheni iliyo katika hali ya kusubiri, au adapta ya ruta. Kidude cha kuingizia tokeni za stima nacho kinaweza kuvuma, kwa kuwa aina nyingine huzungumza na mita kupitia nyaya zile zile. Hicho usikichomoe, sogea mbali nacho.

Kisha zima swichi kubwa ya nyumba. Kelele ikiisha, ni yako: washa saketi moja moja hadi irudi. Isipoisha, ni ya majirani na nyaya za nje, na hapo hakuna cha kurekebisha isipokuwa kuhama na redio.

Kwa adapta usiyoweza kuizima, tumia feraiti. Ni ule uvimbe mweusi kwenye kebo ya monita ya zamani. Wa kufunguka kwa klipu ni bora: funga ndani yake waya wa adapta mizunguko 5 hadi 8, karibu na adapta yenyewe. Mzunguko mmoja hausaidii kitu kwenye masafa mafupi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema feraiti ni uongo.

Nyumba zetu za ghorofa ni saruji yenye nondo, na madirisha yana vyuma. Katikati ya sebule, redio iko ndani ya ngome. Isogeze dirishani na upitishe antena katikati ya vyuma, itoke nje kwa ulalo bila kuvigusa. Kama uko ghorofa ya nne, funga kamba ya mkononi ya redio kwenye chuma cha dirisha.

Bora zaidi, panda paa la ploti, kwenye kamba za nguo. Pale kelele hushuka mno kwa sababu umetoka katikati ya nyaya za ukutani. Na kama kamba ya kuanikia ni ya waya wa chuma mtupu na nguo zimeshaanuliwa, hiyo yenyewe ni antena: unganisha waya mfupi kutoka kwenye fimbo ya redio hadi kwenye kamba kwa klipu za meno, usikilize. Ikiwa imefungwa kwenye nguzo za chuma zinazogusa jengo huenda isisaidie. Kujaribu ni dakika moja. Wikendi, kona ya bustani ya Arboretum au ya msitu wa Karura iliyo mbali na nyaya za stima itakuonyesha redio yako ina uwezo gani hasa.

Waya

Nunua kebo ya simu ya ndani, ipasue, utapata nyaya nyembamba mbili au nne. Mita 5 hadi 10 zinatosha. Mwisho mmoja weka klipu ya meno ya kubana fimbo ya antena. Mwisho wa pili ufunge kwa uzi wa nailoni, si moja kwa moja kwenye mti au chuma. Uelekeze waya utoke mbali na jengo, na ukielekea upande wa nyaya za stima uelekee kwa pembe, usiende sambamba nazo. Kamwe usiurushe juu ya nyaya za stima wala chini yake. Waya ukianguka juu ya laini yenye umeme, klipu iko mkononi mwako.

Urefu ukizidi, redio ndogo hulemewa: stesheni moja kali inasikika kila mahali, zingine zinazama. Hapo punguza waya hadi mita 3, au usiibane fimbo, zungusha waya wenye plastiki yake mara tatu nne kuizunguka fimbo. Mawimbi yatapita bila kuipiga redio kofi.

Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, wingu likijikusanya ondoa waya kabla ya tone la kwanza. Si lazima radi ikupige. Umeme tuli unaojikusanya kwenye waya mrefu upepo ukivuma unatosha kuua ile transista ya kwanza, na redio inabaki ikipiga FM vizuri huku SW ikiwa imekufa kimya kimya.

Saa

Ratiba za stesheni huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa 3 mbele. Kwa anayefikiria kwa saa za Kiswahili kuna njia fupi: saa za mchana ongeza 3, saa za usiku ongeza 15, ikifika au kupita 24 ondoa 24. Saa nne asubuhi ni 07 UTC. Saa moja jioni ni 16. Saa tatu usiku ni 18. Saa kumi na moja alfajiri ni 26, toa 24, yaani 02. Andika hii kwenye kipande cha plasta nyuma ya redio.

Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo desturi ya bendi haibadilikibadiliki kama Ulaya. Mchana tabaka la chini la ayonosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme), linaloitwa D, hunyonya masafa ya chini. Shika mita 19 na 16. Jua likishuka, shuka nalo: mita 25 wakati wa magharibi, mita 31 na 41 usiku, 49 usiku wa manane hadi alfajiri, D ikiwa imetoweka. Anayewasha mita 49 saa saba mchana akasikia mchemko mtupu hana redio mbovu. Nusu saa kabla na baada ya jua kuzama na kuchomoza ndizo tamu kuliko zote, usizipoteze kwenye FM.

Stesheni hubadilisha masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo ratiba ya zamani tupa. Nyingine hunyamaza ghafla, kama Sauti ya Amerika iliyositishwa Machi 2025. Kiswahili kilianza kusikika kutoka London mwaka 1957, Beijing 1961 na Cologne 1963, lakini usimwamini mtu anayekupa namba za kudumu. Kwenye simu fungua short-wave.info, andika kilohezi unayoisikia, itakuonyesha nani amepangiwa hapo saa hiyo. Kisha sogeza simu mbali, maana nayo inavuma.

Kuichezea

Karibu stesheni zote za matangazo hukaa kwenye namba zinazogawanyika kwa 5. Ukisikia kitu 9642, mwenyewe yuko 9640 au 9645. Kwenye Tecsun hizi mbili za namba, kitufe cha ETM ukikishikilia, redio hutafuta yenyewe na kuhifadhi kwa muda inachokipata. Kitumie dirishani au paani, maana chumbani itahifadhi kelele za chaja kana kwamba ni stesheni.

Kichujio anza nacho kwa upana wa kilohezi 3 au 3.5. Stesheni jirani ikifoka, bana hadi 2.5, sauti inakuwa ya puani lakini maneno yanatoka. Usiku ambao stesheni ni moja na kali, panua, usikie muziki. Chip hizi zina tabia ya kushusha sauti yenyewe mawimbi yanapofifia, ikawa kama mtu anayeondoka na kurudi. Si ubovu. Waya kidogo zaidi huituliza.

Kwenye redio yenye SSB kuna mbinu ninayoipenda. Stesheni ya kawaida ikipotoka kwa kufifia, washa SSB, utasikia mluzi. Zungusha kitufe cha kurekebisha kidogo kidogo hadi mluzi ushuke, uwe mzito, upotee. Sauti inakaa sawa, na unaweza kuchagua LSB (upande wa chini wa wimbi) au USB (upande wa juu), ule usio na stesheni jirani. Kwa SSB hiyo hiyo utawasikia maredioamata, wapenzi wa redio wanaozungumza wao kwa wao hewani: chini ya megahezi 10 tumia LSB, hasa kilohezi 7000 hadi 7200 usiku, juu yake USB, 14000 hadi 14350 mchana. Wa Kenya wengi hujitambulisha kwa 5Z4.

Kujua kama namba za redio yako ni za kweli, nenda 10000 kamili. Hapo hutangaza stesheni za saa, WWV ya Marekani na BPM ya China, zikigonga kila sekunde. Kwenye SSB mluzi ukipotea 10001 badala ya 10000, redio yako imepita kwa kilohezi 1. Andika, uwe unatoa.

Betri za kawaida za AA usizichaji ndani ya redio hata kama ina tundu la chaja. Tundu hilo ni la zile za kuchajika za volti 1.2. Ukiiweka redio wiki kadhaa bila kuitumia, zitoe. Zikishavuja, chemchemi zilizochafuliwa na betri ya alkalini zisafishe kwa pamba yenye siki kidogo, zile za betri ya zinki ya bei ya chini kwa maji yenye magadi kidogo, kisha pangusa kwa spiriti na uiache redio wazi ikauke hadi kesho.